Mwaka wa Ugenini: Historia ya Wanafunzi wa Sekondari na Nyumba Zilizowapokea

Desturi ya kumpeleka kijana wa shule ya sekondari katika nchi ya mbali kwa mwaka mzima wa masomo, akae na familia asiyoijua, asome katika shule iliyo jirani na nyumba hiyo, kisha arejee kwao bila cheti wala shahada, ni desturi changa ambayo haijatimiza miaka mia moja, na mara nyingi huelezwa kama tawi dogo la historia ya elimu. Maelezo hayo hayatoshi. Shule imo katika desturi hii, tena ndiyo inayompa mwanafunzi sababu ya kisheria ya kuwapo ugenini, lakini mhimili wake ni kaya inayokubali, bila malipo, kumlaza mtoto wa watu na kumlisha kwa takriban miezi kumi. Historia ya mashirika, sheria na serikali zilizoingia katika jambo hili inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama historia ya jitihada za kuipata kaya hiyo, kuitegemeza na, palipotokea haja, kuichunguza.

Ni muhimu kumtofautisha mwanafunzi huyu, anayeitwa mwanafunzi wa kubadilishana, na msomi aliyekwenda ng'ambo kutafuta shahada, kwa kuwa katika Afrika Mashariki sura ya huyo wa pili ndiyo iliyozoeleka. Ndege ya kwanza ya mpango uliobuniwa na Tom Mboya iliondoka Nairobi mnamo Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda vyuoni Marekani, na mwaka uliofuata Wangari Maathai alikwenda Atchison, Kansas, kusoma sayansi katika chuo cha watawa wa Kibenediktini. Vijana hao walikuwa watu wazima, wengi wao waliishi katika mabweni, nao walitumwa na nchi iliyokuwa karibu kujitawala na iliyohitaji wahandisi, walimu na watawala kwa haraka. Mwanafunzi wa kubadilishana, kwa upande wake, bado yuko chini ya umri wa kujitegemea, hatakiwi kurudi na taaluma yoyote, na sehemu kubwa ya yale anayojifunza hayamo katika mtaala.

Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na namna yake ya kale ya kumtoa kijana kwao akakae kwa watu. Lamu ni mfano mzuri, kwa kuwa chuo kilichoshikamana na Msikiti wa Riyadha, kilichoasisiwa na Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, mwishoni mwa karne ya 19, kilivuta wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali za pwani na bara, na wanafunzi hao waliutegemea mji kwa malazi na chakula. Hata hivyo, kijana wa Riyadha alifuata elimu na mwalimu mahususi, na nyumba iliyomhifadhi ilikuwa njia ya kumfikisha kwa mwalimu huyo. Katika desturi inayojadiliwa hapa, nyumba yenyewe ndiyo inayofundisha.

Chimbuko la desturi hii halikuwa darasani wala nyumbani, bali katika uwanja wa vita. Mwaka 1914, Wamarekani waliokuwa wakiishi Paris walianzisha huduma ya magari ya wagonjwa katika hospitali yao ya Neuilly, kitongoji kilicho kando ya jiji hilo, na mwaka uliofuata A. Piatt Andrew, mwanauchumi aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard na kushika wadhifa wa juu katika Wizara ya Fedha ya Marekani, aliwashawishi makamanda wa Ufaransa wawaruhusu madereva wa kujitolea kuhudumu mstari wa mbele. Kutokana na makubaliano hayo ya Aprili 1915 lilizaliwa shirika la American Field Service, linalojulikana zaidi kwa herufi zake AFS. Madereva wake, wengi wao vijana waliotoka vyuo vikuu, waliendesha magari madogo ya Ford yaliyofungwa bodi za mbao, ambayo yaliweza kubeba majeruhi 3 waliolala juu ya machela au 4 walioketi. Katika milima ya Vosges, huko Alsace, ambako majeruhi walikuwa wakiteremshwa kwa nyumbu, wepesi wa magari hayo uliyawezesha kupanda njia ambazo magari mazito yalishindwa, na majeruhi waliofikishwa mapema kwa daktari walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Hadi vita vilipokwisha, watu wapatao 2,500 walikuwa wamehudumu chini ya AFS katika majeshi ya Ufaransa.

Huduma hiyo ilifufuliwa mwaka 1939 chini ya Stephen Galatti, aliyekuwa msaidizi wa Andrew katika vita vya kwanza, na baada ya Ufaransa kushindwa mwaka 1940 madereva wake walijiunga na majeshi ya Uingereza katika Mashariki ya Kati, Afrika Kaskazini na Italia. Wengine walipelekwa katika mpaka wa India na Burma, ambako Jeshi la 14 la Uingereza lilikuwa pia na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa na askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na iliyopigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Kwa hiyo watu ambao baadaye wangebuni mpango wa kubadilishana wanafunzi na wazee wa Afrika Mashariki waliorudi na hadithi za Burma walihudumu katika jeshi moja, ingawa historia zao huandikwa katika vitabu tofauti. Mnamo Aprili 1945 baadhi ya madereva wa AFS walikuwa miongoni mwa walioingia katika kambi ya mateso ya Bergen-Belsen, nchini Ujerumani, kuwahamisha mahabusu waliokuwa mahututi kwa njaa na homa inayoenezwa na chawa, yaani taifasi. Kuwaelewa waasisi wa mpango huu bila kuikumbuka kambi hiyo ni vigumu, kwa maana watu waliokuwa wamebeba majeruhi wa vita viwili hawakuwa na imani kwamba mikataba ya serikali peke yake ingezuia vya tatu.

Septemba 1946 madereva hao walikutana New York kuamua hatima ya shirika ambalo kazi yake ilikuwa imekwisha. Baada ya vita vya kwanza walikuwa wamefadhili masomo ya vyuo vikuu nchini Ufaransa, na ingekuwa rahisi kuirudia njia hiyo. Uamuzi wao wa kuchagua wanafunzi wa sekondari ulikuwa wa ujasiri, kwa kuwa mtu wa chuo kikuu huingia ugenini akiwa na mawazo yaliyokwisha kukomaa na huweza kuishi huko miaka mingi bila kuingia nyumba ya mwenyeji, ilhali kijana wa miaka 16 au 17 hawezi kupewa chumba cha kupanga akaachwa ajitafutie chakula, na kwa sababu hiyo ni lazima awe chini ya mzazi wa namna fulani. Udhaifu wa umri ndio uliokuja kuwa nguvu ya mpango. Katika mwaka wa masomo wa 1947 hadi 1948 wanafunzi 52 kutoka nchi 10 walipokewa Marekani, na kuanzia mwaka 1950 vijana wa Kimarekani nao walianza kupelekwa nje wakati wa likizo ya kiangazi.

AFS haikuwa peke yake. Tangu mwaka 1927 klabu ya Rotary ya Nice, Ufaransa, ilikuwa imejaribu kubadilishana vijana, na baada ya vita klabu za Rotary, ambazo ni vyama vya wafanyabiashara na wanataaluma vinavyojishughulisha na huduma za jamii, zilieneza mpango wao katika nchi nyingi, zikiwa na kawaida ya kumhamisha mwanafunzi katika nyumba zaidi ya moja ndani ya mwaka na kumvika koti ambalo hulijaza beji za nchi za wenzake. Jambo gumu zaidi kimaadili lilifanywa Michigan. Huko, mwaka 1951, Rachel Andresen, aliyekuwa akifanya kazi na baraza la makanisa, aliwatafutia nyumba vijana 75 wa Kijerumani, miaka sita tu baada ya vita, katika jimbo ambalo wazazi wengi walikuwa bado na picha ukutani za watoto wao waliouawa Ulaya. Kutokana na kazi yake likakua shirika la Youth For Understanding. Mtu anaweza kubishana kuhusu nia za kisiasa za Marekani katika Ujerumani iliyokuwa ikiikalia, na nia hizo zilikuwepo, lakini hakuna amri ya jeshi iliyoweza kumlazimisha mama wa Michigan kumfulia shuka kijana wa Kijerumani. Alifanya hivyo kwa hiari yake, na heshima anayostahili haijatolewa ya kutosha katika vitabu vya historia.

Utaratibu wa mwaka wenyewe ulijengeka katika miaka ya 1950 na umebadilika kidogo kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi wa wakati huo alivuka Atlantiki kwa meli, mara nyingi pamoja na mamia ya wenzake, na siku za safari zilitumika kwa masomo ya lugha na maelezo kuhusu maisha ya Marekani. Alipofika alikabidhiwa kwa kamati ya mji, yaani kikundi cha wakazi wa kujitolea kilichokuwa kimetafuta nyumba, kuzungumza na mkuu wa shule na kuchangisha fedha, kwa mauzo ya keki, kwa kuosha magari na kwa michango ya kanisani. Mwishoni mwa mwaka wanafunzi walikusanywa katika mabasi na kuzungushwa majimbo mbalimbali, wakilala katika nyumba za watu kila waliposimama, hadi walipofika Washington. Rais John F. Kennedy aliwapokea katika bustani ya Ikulu mwezi Julai katika kila mmoja wa miaka mitatu ya 1961, 1962 na 1963.

Kanuni moja ndogo inafaa kutazamwa kwa karibu. AFS na Rotary humkataza mwanafunzi kuendesha gari muda wote awapo ugenini. Katika miji midogo ya Marekani, ambako daladala au matatu hakuna na duka liko umbali wa maili kadhaa, katazo hilo lina maana kwamba mwanafunzi hawezi kwenda mazoezini, maktaba wala kwa rafiki bila mtu wa nyumbani kumpeleka, na hivyo kila siku hulazimika kuomba, kusubiri, kuketi kiti cha mbele pembeni ya baba au mama mwenyeji na kuzungumza. Kanuni iliwekwa kwa ajili ya usalama, lakini matokeo yake ni mamia ya mazungumzo mafupi garini ambayo hakuna mwandaaji wa mtaala angeweza kuyapanga. Kinyume chake, mwanafunzi aliyepata uhuru mkubwa mno wa kutoka hujikuta amekaa mwaka mzima pamoja na vijana wenzake na kuondoka bila kuijua nyumba aliyolala.

Fedha za kaya nazo zina historia yake. Kwa wanafunzi wa sekondari wanaoingia kwa visa ya J-1, ambayo ni visa ya wageni wa mabadilishano iliyopata msingi wake katika sheria ya Fulbright na Hays ya mwaka 1961, familia mwenyeji hailipwi. Inachoruhusiwa, tangu mwaka 1960, ni kuondoa katika kipato kinachotozwa kodi hadi dola 50 kwa kila mwezi ambao mwanafunzi amekaa na kusoma, sawa na mchango uliotolewa kwa shirika la hisani. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu wakati huo, ingawa leo dola 50 hazitoshi hata chakula cha kijana huyo kwa wiki moja. Wapo wanaodai kwamba familia zilipwe kama zinavyolipwa katika baadhi ya mipango ya kibiashara, na hoja yao ina uzito kwa familia za kipato cha chini, ambazo hufungiwa nje ya heshima ya kupokea mgeni. Hata hivyo, malipo yangeleta katika mpango watu wanaotafuta mpangaji, na mtoto anayetambua kwamba kikombe chake cha chai kimelipiwa hukaa mezani kwa namna nyingine kabisa.

Hatari ya biashara kuingia katika mpango haikubaki nadharia. Kadiri mashirika ya kupeleka wanafunzi yalivyoongezeka na kushindania nafasi, baadhi yao yalianza kuwakubali wanafunzi kabla ya kupata nyumba, na mawakala wao wakatafuta nyumba dakika za mwisho. Mwaka 2009 huko Scranton, Pennsylvania, iligunduliwa kwamba wanafunzi wa kigeni walikuwa wamewekwa katika nyumba chafu na hawakupata chakula cha kutosha, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikalazimika kukaza kanuni zake kuhusu uchunguzi wa rekodi za jinai za watu wazima wa nyumba, picha za nyumba hiyo na ukaguzi wa mara kwa mara. Kanuni hizo zilihitajika. Zilionyesha pia jinsi kamati ya mji ya miaka ya 1950, ambayo wajumbe wake waliijua kila nyumba kwa kuwa walisali na kununua unga pamoja na wenye nyumba hizo, ilivyokuwa imefanya kazi ya ukaguzi bila fomu yoyote.

Serikali ziliingia kwa hatua, na kila hatua ilifuata mtikisiko wa kisiasa. Mwaka 1983, katika maadhimisho ya miaka 300 tangu Wajerumani wa kwanza kuhamia Pennsylvania, Kongresi ya Marekani na Bundestag, yaani Bunge la Ujerumani ya Magharibi, zilianzisha mpango unaogharimiwa na mabunge yote mawili, na huo unabaki kuwa mfano bora zaidi wa usawa katika desturi hii. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, Seneta Bill Bradley wa New Jersey alipigania mpango wa FLEX kwa vijana wa jamhuri zilizozaliwa, nao ukadumu nchini Urusi hadi mwaka 2014, Moscow ilipojitoa. Kisha, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar waliasisi mpango wa YES, ulioanza Oktoba 2002 na kuwalenga vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Kenya na Tanzania zikawa miongoni mwa nchi hizo, na haikuwa vigumu kuona sababu, maana Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa zimeshambuliwa Agosti 7, 1998, na watu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika, waliuawa.

Kwa mpango wa YES, kijana wa Afrika Mashariki ambaye wazazi wake wasingeweza kulipa hata nauli alipata tiketi, bima ya afya na posho ya kila mwezi. Alitakiwa kujitolea katika kazi za jamii na, kila Novemba, kuzungumza kuhusu nchi yake mbele ya wanafunzi wa Marekani, ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kumsikiliza Mwislamu akieleza imani yake. Athari kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa jikoni. Familia iliyompokea msichana anayefunga Ramadhani ililazimika kujua daku huliwa saa ngapi, kuuliza kama mchuzi una nyama ya nguruwe, na kuamua kama itafuturu pamoja naye au itamwachia sahani yake, na uamuzi wa namna hiyo, ukirudiwa kwa siku 29 au 30, hubadili mazoea ya nyumba kwa kiasi ambacho hotuba haiwezi.

Gharama ya upande wa Afrika Mashariki haipaswi kupuuzwa. Katika nchi ambazo maisha ya kijana hupangwa kwa mtihani wa kidato cha nne, mwaka usio na cheti huonekana kuwa mwaka uliopotea, na kwa kweli mwanafunzi anayerudi mara nyingi huwakuta wenzake wamemtangulia darasa moja. Baadhi ya wazazi wamekataa ufadhili kwa sababu hiyo, na uamuzi wao si wa kijinga. Aidha, anayegharimiwa na serikali ya Marekani hutakiwa kurudi na kukaa kwao miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu au visa za kazi za aina fulani, sharti ambalo huwashangaza wale waliodhani kwamba mwaka huo ungekuwa mlango wa kuhamia.

Udhaifu mkubwa wa desturi hii uko katika neno lenyewe la kubadilishana, kwa kuwa kati ya Marekani na nchi za Waswahili safari imekuwa ya upande mmoja zaidi. AFS ilianza kuachana na mtazamo wa kuifanya Marekani kitovu mwaka 1971, iliporuhusu nchi nyingine kupelekeana wanafunzi moja kwa moja, na serikali ya Marekani nayo imewafadhili vijana wake wa sekondari kwenda kujifunza lugha nje. Lakini mpango wake mkuu wa lugha kwa umri huo, NSLI-Y, ulipozinduliwa mwaka 2006 ulichagua Kiarabu, Kichina, Kirusi na lugha nyingine za Asia, na Kiswahili hakikuwamo. Wamarekani wanaokuja Arusha kujifunza Kiswahili kwa ufadhili wa serikali yao ni wa vyuo vikuu, na wale wa sekondari wanaolala katika nyumba za Watanzania huja kwa wiki chache za kiangazi, muda usiotosha hata kuacha kuitwa mgeni.

Upungufu huo hautokani na nyumba. Tanga, Mombasa, Kigoma na Kisumu zimejaa kaya zilizozoea kumweka mtoto wa ndugu anayesoma mjini, kumgawia kazi za nyumbani pamoja na wenyeji wake na kumwonya kama wanavyoonywa wao, na ujuzi huo ndio hasa ambao mashirika ya Marekani yamelazimika kuufundisha kwa semina na vitabu vya mwongozo. Bunge la Dodoma au la Nairobi likiamua siku moja kutenga fedha kama Bundestag ilivyotenga mwaka 1983, kazi yake itakuwa kulipia nauli, bima na waratibu wa kukagua nyumba, na kupatana na shule kuhusu darasa atakalowekwa mgeni wa mwaka mmoja ambaye hatafanya mtihani wa taifa.